Chakula cha utotoni: dhana potofu kuhusu mapishi ya nyumbani ya Kichina

Mtu aliyekulia katika familia ya Kichina, kisha akahamia Toronto, London au Nairobi, siku moja hushikwa na hamu ya chakula cha mama. Anaingia jikoni, anapika, na ladha haiji. Mara nyingi mkono wake ni mzima kabisa. Kilichompoteza ni maneno aliyosikia kuhusu chakula hicho, na mengi ya maneno hayo yalitoka migahawani.

"Bila moto mkali wa mgahawa, usijisumbue"

Wapishi wa Guangdong, jimbo la kusini mwa China, wanaithamini sana harufu ya moshi ambayo chakula hupata kwenye karai lililoshika moto sawasawa, na jiko la mgahawa lina nguvu mara nyingi kuliko jiko letu la gesi. Hilo ni kweli. Lakini mama naye alipikia jiko la nyumbani. Vyakula vingi anavyovikumbuka mtoto vilipikwa kwa mvuke, vilitokoswa taratibu, au vilikaangwa kidogo kidogo.

Chukua mayai ya mvuke, ambayo watoto wengi wa Kichina hulishwa tangu wakiwa wadogo sana. Vunja mayai mawili, ongeza maji ya vuguvugu mara moja na nusu hadi mara mbili ya ujazo wa mayai yenyewe, tia chumvi, koroga polepole bila kutoa povu, kisha chuja. Funika bakuli kwa sahani ili matone ya mvuke yasidondokee juu, uweke kwenye sufuria ya maji yanayochemka kwa utulivu, moto mdogo, kama dakika 10 au 12. Moto ukiwa mkali, mayai hujaa matundu kama sifongo na maji hujitenga. Ukiwa mdogo, yanatoka laini, yanatikisika bakuli likiguswa. Malizia kwa soya sosi kidogo na tone la mafuta ya ufuta. Hapo moto mkali ungeharibu kila kitu.

Hata nyama ya kukaanga inawezekana. Kosa la kawaida ni kumimina nusu kilo yote kwa mkupuo: karai linapoa, nyama inatoa maji, inachemka badala ya kukaangika. Gawa mara mbili au tatu.

"Soya sosi ni soya sosi"

Hapa ndipo ladha ya utotoni hupotea zaidi, kwa maoni yangu. Jiko la Kichina la kawaida huwa na aina mbili. Ile nyepesi huleta chumvi na ladha. Ile nzito, iliyokolea weusi na yenye utamu kidogo, hutumika hasa kwa rangi. Nyama ya nguruwe ya kutokosa yenye rangi nyekundu-kahawia, ile ya jimbo la Hunan ambayo Mao Zedong aliipenda mno, huanza na sukari iliyoyeyushwa kwenye mafuta hadi ikawa rangi ya asali, ndipo vipande vya nyama huingia, halafu tangawizi, soya sosi na maji ya moto. Ukitafuta rangi ile kwa kumwaga soya sosi nyepesi pekee, utapata chumvi isiyolika. Soya sosi ya Kijapani nayo hutengenezwa kwa ngano nyingi zaidi, hivyo ladha yake huelekea kwingine. Kwa hiyo ukimpigia mama simu, mwombe akuonyeshe chupa kabla hujamuuliza vijiko.

"Ule unga mweupe wa kuongeza ladha ni sumu"

Dhana hii imewaumiza watu, imewafanya watoto waone haya chakula cha kwao. Mwaka 1908 mkemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, alitoa kwenye mwani glutamati, kitu kinachoupa mchuzi wa mwani ladha nzito. Unga ule mweupe (MSG) ni chumvi ya glutamati, na glutamati hiyohiyo imo kwenye nyanya mbivu na kwenye soya sosi. Hofu ilisambaa baada ya barua moja iliyochapishwa mwaka 1968 katika jarida la kitabibu la Marekani, ikilalamikia ganzi, udhaifu wa mwili na moyo kwenda mbio baada ya kula kwenye migahawa ya Kichina. Majaribio yaliyofanywa baadaye kwa utaratibu mzuri hayakuthibitisha madhara hayo kwa uhakika, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inauhesabu unga huo kuwa salama. Kama mama alitia chembe chache kwenye mchuzi, nawe tia.

"Bila nguruwe na pombe ya kupikia, si Kichina tena"

Waislamu wa kabila la Hui, ambao ni zaidi ya milioni 10, wamekuwa wakipika halali nchini China kwa karne nyingi. Tambi za nyama ya ng'ombe za Lanzhou, zenye mchuzi mwangavu usio na tope, figili, mafuta ya pilipili na giligilani, zimetoka mikononi mwao. Msomaji wa Mombasa au Zanzibar aliyesoma China hana haja ya kuhisi anapunguza chochote: nyama ya kutokosa niliyoitaja inakubali ng'ombe, hasa mbavu na sehemu zenye mafuta kiasi, ila iache motoni muda mrefu zaidi. Na tewa wetu wa pwani ni jamii ya samaki ambao Wakantoni, watu wa Guangdong, huwapika kwa mvuke siku za sherehe. Maji yakishachemka, samaki wa nusu kilo anahitaji dakika 8 hadi 10. Mwaga maji yaliyotoka kwake, maana yana shombo, mrundikie tangawizi na majani ya kitunguu yaliyokatwa nyembamba, kisha mmwagie mafuta ya moto hadi yalie.

"Wachina wote hula wali na pilipili"

Kaskazini ngano ndiyo mama: tambi, maandazi ya mvuke, sambusa za kuchemsha. Pilipili nayo ilifika China kutoka Amerika katika karne ya 16, na Guangdong huitumia kwa uchache hadi leo.

"Kuna njia moja iliyo halisi"

Nyanya na mayai ya kukaanga ni chakula ambacho vijana wengi wa Kichina hujifunza kupika mwanzo, na bado hawakubaliani. Wengine hutia sukari, wengine huapa haifai. Wengine huacha mchuzi mwingi wa kumwagia wali, wengine huukausha. Mpishi anayefuata maelekezo ya mtandaoni atapika chakula kizuri cha familia ya mtu mwingine. Kaanga mayai kwanza, yatoe yakiwa bado laini, pika nyanya hadi zivunjike, yarudishe. Kuhusu sukari, muulize dada yako mkubwa, kwa sababu yeye alisimama karibu na jiko kuliko wewe.