Boneti ya mtumba: nitajie chesisi kwanza, rangi baadaye

Juzi mzee mmoja wa Raskazone kaja gereji na boneti imelala juu ya bajaji, kaifunga kamba ya katani, anacheka mwenyewe. "Fundi, nimeokota kitu, nyeupe kama ya kwangu, hutashika hata rangi." Nikaangalia gari, nikaangalia boneti, nikamwambia shikamoo mzee wangu, kaa kwanza unywe kahawa.

Yake ni Toyota Corolla 110 ya taa za mviringo, ile sura ya Ulaya iliyotoka 1997. Boneti imetoka kwenye 110 ya Kijapani iliyoanza 1995, taa za mstatili. Mtaani zote tunaita 110 na muuzaji hakumdanganya, ila ukiilaza mbele pale juu ya taa haikai, kona zimekatwa kivingine kabisa. Kwenye bawaba hata sikufika.

Ndo maana mimi nikiulizwa "fundi nitafutie boneti" naomba picha ya kile kibati kwenye injini, kwa Toyota za Japani mara nyingi kimepigwa ukuta wa nyuma ya injini, kina modeli kamili (ndiyo chesisi ninayoitaka) na kodi ya rangi, halafu naomba picha ya uso wa gari. Jina halisaidii. Mark II, Chaser na Cresta za GX100 ni ndugu wa tumbo moja, injini na vya chini vinaingiliana, lakini uso kila mtu kazaliwa na wake. Surf ya dizeli KZN185 ina ile pua juu ya boneti ya kupeleka upepo kwenye intakula (kile kipoozeo cha hewa ya taabo), ukiivisha boneti bapa ya petroli itafunga vizuri tu ila intakula umeinyima hewa. Subaru Forester ya taabo hadithi ni hiyohiyo.

Sasa umeipata ya modeli yako. Igeuze. Watu wanakagua juu wakati siri iko chini, mle kwenye mbavu. Boneti imetengenezwa ijikunje katikati ikigongwa, isije ikaingia kwenye kioo, kwa hiyo iliyowahi kugongwa inaacha mkunjo palepale kwenye mbavu, fundi akinyoosha juu ikawa kioo, chini huwa hahangaiki. Pitisha kidole kwenye ile gundi ya ukingoni, ya kiwandani inateleza sawasawa, ya gereji ina mabonge. Na tembea na sumaku ndogo, ile ya spika mbovu inatosha, pasiposhika pana puti, ule udongo wa kuzibia mabonde (labda iwe ya aluminiamu, hizo zipo, zinajulikana kwa wepesi). Mdomo wa mbele ugonge na ukucha, sisi wa pwani chumvi inaanzia mle ndani, rangi inabaki nzuri na bati limekwisha.

Loki usiisahau. Kile kindoano cha pili, kinachoishika ukishavuta waya, kikiwa kimepinda usitoke nayo hata kwenda Muheza, ikifunguka kwenye spidi inakuja usoni huoni barabara.

Kama fenda, taa na shoo (ile grili ya mbele) navyo vimeumia achana na boneti peke yake, ulizia nosikati, unapata uso mzima na boneti iko juu ya bawaba zake, unaona mwanya na fenda kama uko sawa kulia na kushoto kabla hujatoa hela. Mimi nosikati naipenda kwa hilo tu.

Rangi? Ndo mwisho kabisa. Hata nyeupe ya kodi 040 juu ya 040, moja ikishapigwa jua la Tanga miaka kumi hazifanani tena, utapiga tu.

Ile ya mzee bado imeegemea ukutani hapa kwangu, muuzaji kagoma kuipokea tena. Mwenye 110 ya Kijapani aje, ila aje na gari, tuilaze juu tuone.