Utaratibu na Vurugu katika Michezo ya Video: Pande Mbili Zisizopimwa kwa Wema na Uovu

Katika vyumba vya gemu vya Majengo na Kisauni, na hata miongoni mwa watu wazima wa hapa Mombasa wanaoipenda michezo ya bunilizi ya sayansi, imekuwa kawaida kumsikia mchezaji akisema kwamba jeshi fulani ni la utaratibu, akikusudia kuwa ni la watu wema, na kwamba adui wake ni wa vurugu, yaani mwovu. Hilo ni kosa, kwani maana halisi ya maneno hayo ni nyepesi. Utaratibu ni itikadi inayoshikilia kwamba viumbe hustawi vikiwekwa chini ya mamlaka moja na mpango mmoja. Vurugu ni itikadi inayoshikilia kwamba hustawi vikiachwa vishindane na kubadilika bila msimamizi. Katika maelezo hayo hamna wema wala uovu.

Asili ya mgawanyiko huu ni ya vitabuni. Mwandishi Mmarekani Poul Anderson aliipambanisha Sheria, yaani utaratibu, na Vurugu katika riwaya yake iliyotoka kama kitabu mwaka 1961, na mwaka huohuo Mwingereza Michael Moorcock alianza kuchapisha visa vya Elric, ambamo miungu ya pande hizo mbili inagombania ulimwengu. Moorcock ndiye aliyelifikiria jambo hili kwa kina zaidi: Vurugu ikishinda kabisa, hakuna kitu kitakachobaki na umbo, Sheria ikishinda kabisa, ulimwengu utakuwa jangwa lisilozaa wala kubadilika. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kila mhusika aliwekwa katika sheria, vurugu, au kati ya hizo mbili. Ni kweli kwamba mazimwi wengi waliwekwa upande wa vurugu, na naamini mkanganyiko wetu ulianzia hapo. Lakini kufikia mwaka 1977 mchezo huo ulikuwa umeongezewa mhimili wa pili, wa wema na uovu, na mhimili huo usingehitajika kama ule wa kwanza ungekuwa tayari unapima jambo hilohilo.

Michezo ya video imeonyesha tofauti hii waziwazi. Katika Half-Life 2, ya mwaka 2004, mchezaji anashuka kwenye treni katika Mji wa 17, na muda si mrefu askari anaangusha kopo la soda kwa makusudi, kisha anamwamuru aliokote na kulitia kwenye pipa la taka. Kila kitu mjini humo kimepangwa: chakula kwa mgawo, sare, hotuba za kiongozi kwenye skrini kubwa. Huo ni utaratibu mtupu, nao ni ukandamizaji. Katika Mass Effect ya mwaka 2007, mashine ziitwazo Reapers, ambazo kila baada ya miaka takribani 50,000 huyafyeka mataifa yaliyoendelea ya galaksi, hujitetea kwa hoja kwamba zinatia utaratibu katika vurugu ya viumbe hai. Sijui mchezaji aliyeisikia hoja hiyo anawezaje kuendelea kuufanya utaratibu kuwa jina lingine la wema.

Kosa la pili linaniudhi zaidi, nalo ni kumwita kila mharibifu mfuasi wa vurugu. Anayeruka foleni ya feri pale Likoni haipingi foleni. Anaitaka iwepo, wengine waifuate, yeye apite. Maharamia wa angani wanaopora meli za mizigo wako vivyo hivyo, kwa kuwa wanahitaji biashara iendelee ili wapate cha kupora. Mfuasi wa kweli wa vurugu ana hoja. Katika Deus Ex ya mwaka 2000, mhusika aitwaye Tracer Tong anataka kitovu cha mawasiliano ya dunia nzima kibomolewe, watu warudi katika miji midogo inayojitawala, kwa sababu anaamini kwamba chombo kimoja chenye uwezo huo kitamtawala mwanadamu daima, awe nani atakayekishika. Mtu anaweza kumpinga Tong, na bei ya mpango wake ni kubwa mno, lakini hawezi kumwita mhuni.

Imebaki njia ya kati, ambayo wengi huidharau kuwa ni ya mtu asiyejua anachokitaka. Katika Shin Megami Tensei, mchezo wa Atlus wa mwaka 1992, Tokyo inaangamizwa kwa makombora ya nyuklia, na rafiki wawili wa mhusika mkuu wanaachana: mmoja anawafuata malaika, walio upande wa utaratibu, na ufalme wao wa miaka elfu, mwingine, aliyekuwa akionewa tangu awali, anashika upande wa vurugu na kukubali kuunganishwa na pepo ili apate nguvu. Mchezaji anayezikataa pande zote mbili hapewi nafasi ya kukaa pembeni, kwa kuwa hulazimika kupigana na viongozi wa zote mbili, naye hana jeshi la upande wowote nyuma yake. Basi ningeomba njia hiyo isiitwe tena kusitasita, kwani anayeifuata amekwisha kuamua na analipia uamuzi wake mara mbili.