Utegemezi katika ufuatiliaji wa mtandao: kumtambua aliyeanguka kwanza

Swichi moja, kifaa kinachounganisha mashine za mtandao, imezima saa nane usiku. Nyuma yake zimeunganishwa seva 40. Programu ya ufuatiliaji inatuma jumbe 41 kwa mkupuo, na ule unaotaja swichi yenyewe umefukiwa katikati. Fundi wa zamu anaamshwa na mlio wa simu, anashika jina la kwanza analoliona, tuseme seva ya barua pepe, kisha anahangaika na mashine ambayo haina ugonjwa wowote.

Dhana ya utegemezi ipo kwa ajili ya usiku kama huo. Utegemezi ni maelezo unayoipa programu ya ufuatiliaji kwamba kitu fulani hakifikiki, au hakifanyi kazi, bila kingine. Ikishaelezwa hivyo, kile cha msingi kikianguka, vinavyokitegemea havihesabiwi kuwa wagonjwa wapya. Wengi huona lengo ni kupunguza kelele. Kwangu hilo ni faida ya pembeni. Lengo ni kumwonyesha fundi mahali pa kuanzia.

Nitaieleza dhana hii kwa kutumia Nagios, programu ya ufuatiliaji ambayo Ethan Galstad aliitoa mwaka 1999 ikiitwa NetSaint, kwa sababu mafaili yake ya mipangilio yanazitenganisha sehemu za dhana hii waziwazi. Nagios yenyewe haijui wavuti ni nini wala diski ni nini. Huita programu-jalizi ndogo inayokwenda kupima, kisha husoma namba inayorudi: 0 ni salama, 1 ni onyo, 2 ni hatari, 3 ni haijulikani. Jibu baya likija mara moja, hali huitwa laini, na kipimo hurudiwa. Likiendelea kuwa baya mpaka idadi ya majaribio uliyoweka itimie, hali inakuwa ngumu, na hapo ndipo ujumbe hutumwa. Tofauti hii ya laini na ngumu ishike vizuri, maana mbele ndiyo inayowaangusha wengi.

Utegemezi wa kwanza ni wa njia. Kila mashine unaipa mzazi kwa mstari unaoanza na neno parents, na mzazi ni kifaa cha mwisho kinachopitiwa kabla ya kuifikia mashine hiyo, ukitokea kwenye seva ya ufuatiliaji. Maneno hayo ya mwisho ndiyo kiini. Mtu huchukua mchoro wa mtandao, huweka ruta ya intaneti juu kabisa, kisha huteremka kama mti. Lakini ikiwa seva ya ufuatiliaji imechomekwa kwenye swichi ya ndani, basi swichi hiyo ndiyo shina, na ruta ya intaneti ni tawi kama matawi mengine. Ukichora mti kwa jicho la mtumiaji wa intaneti badala ya jicho la seva inayopima, programu itamlaumu asiyehusika.

Mti ukiwa sahihi, Nagios hupata uwezo wa kusema mambo mawili tofauti. Mashine isiyojibu ilhali mzazi wake yuko hai huitwa DOWN. Isiyojibu kwa sababu mzazi naye ameanguka huitwa UNREACHABLE, yaani haifikiki na huenda nzima. Ikiwa na wazazi wawili, haitaitwa UNREACHABLE mpaka njia zote mbili zikatike, hivyo mtandao wenye njia ya akiba unaelezeka bila taabu. Jambo moja husahaulika sana: kumtaja mzazi hakuzuii ujumbe. Usipotaja ni hali zipi zitumiwe taarifa, Nagios hutuma kwa hali zote. Kwenye mstari wa notification_options inabidi uandike d na r, kuanguka na kurejea, bila kuandika u, yaani UNREACHABLE. Huduma zilizo ndani ya mashine zenyewe hazitaleta shida, kwa kuwa mashine isipokuwa hai Nagios haitumi ujumbe wa huduma zake.

Utegemezi wa pili ni wa huduma kwa huduma, nao unahitaji fikra zaidi. Chukua NRPE, wakala (programu ndogo) anayekaa kwenye seva na kusikiliza kwenye mlango wa mtandao (port) 5666. Kupitia kwake unapima nafasi ya diski, mzigo wa prosesa na idadi ya michakato. Wakala akifa, vipimo vyote vitatu vinashindwa kwa pamoja, ingawa diski ina nafasi tele. Seva iko hai, kwa hiyo uhusiano wa mzazi na mtoto hausaidii kitu. Hapa unaandika kwamba vipimo hivyo vitatu vinamtegemea wakala.

Nagios inakuuliza hapo uzuie nini. Unaweza kuzuia upimaji, au kuzuia ujumbe tu. Ukizuia upimaji, skrini inabaki na jibu la mwisho. Kama diski ilikuwa salama kabla ya wakala kufa, itaendelea kuonekana ya kijani saa nzima, na anayeitazama ataamini imepimwa sasa hivi. Kwa sababu hiyo mimi huzuia ujumbe na kuuacha upimaji uendelee. Upimaji nausimamisha pale tu ambapo vipimo visivyo na tumaini vinaibebesha seva mzigo mkubwa wa kusubiri.

Halafu kuna suala la saa. Kwa kawaida Nagios hutazama hali ngumu ya kile kinachotegemewa. Tuseme wakala hupimwa kila dakika 5, na anahitaji majaribio 4 yanayopishana dakika 1, wakati diski imewekewa jaribio 1 tu. Wakala akifa, diski inalia mara moja, ilhali wakala bado yuko kwenye hali laini. Mpangilio umeandikwa bila kosa hata moja, na ujumbe usiotakiwa umekwenda. Geuza mambo: kinachotegemewa kipimwe mara nyingi zaidi na kwa majaribio machache, na kinachotegemea kipewe subira. Kumbuka pia kwamba mnyororo haujiungi wenyewe. Wavuti ikitegemea hifadhidata, na hifadhidata ikitegemea hifadhi ya diski, wavuti haitamjua babu yake mpaka uweke inherits_parent kuwa 1.

Programu nyingine zina wazo lilelile katika sura tofauti. Zabbix huunganisha vichochezi vya tahadhari, yaani masharti yanayoiwasha, badala ya mashine. Alertmanager, sehemu ya Prometheus inayotuma tahadhari, huzuia tahadhari moja wakati nyingine inawaka, kwa kulinganisha lebo zake.

Usitegemezeshe kila kitu. Wavuti hutegemea hifadhidata, ndiyo, lakini inaweza pia kuharibika kwa sababu yake yenyewe katika dakika zilezile, na mstari wa utegemezi utaificha hitilafu hiyo. Ningeandika tu utegemezi ambao nimeushuhudia: nimezima hiki, kile kikashindwa kila mara. Na kilicho kwenye shina kiwe na ujumbe wake unaomfikia mtu, kwa njia isiyopita kwenye shina hilohilo.

Baada ya kuhariri mafaili, endesha nagios -v ikiambatana na njia ya faili kuu ya mipangilio. Itakuonyesha kama umeunda duara, A ikimtegemea B na B ikimtegemea A. Kisha, wakati wa matengenezo, chomoa swichi na uhesabu jumbe. Unapaswa kupata mmoja. Zikija zaidi, majina yaliyomo ndiyo orodha ya mashine ulizosahau kuzipa mzazi au kuziondolea u.