Homa ya Mafua Mjini: Kwa Nini Tunakuuliza Ulianza Lini Kuumwa

Kwani homa ya mafua si mafua ya kawaida?
Hapana. Mafua ya kawaida huja polepole, pua inachuruzika lakini kazini unakwenda. Homa ya mafua, yaani influenza, hukuangusha ndani ya saa chache: joto linapanda, kikohozi kikavu, viungo vyote vinauma. Husababishwa na virusi vya influenza, hasa aina ya A na B.

Mnajuaje kwamba msimu umeingia mjini?
Hatumpimi kila mtu. Huteuliwa vituo vichache vya afya, na kila wiki vinahesabu wagonjwa wenye joto la nyuzi 38 au zaidi pamoja na kikohozi, walioanza kuumwa ndani ya siku 10. Hicho ndicho kigezo cha Shirika la Afya Duniani. Baadhi yao huchukuliwa sampuli puani na kooni ili maabara itaje kirusi. Waliolazwa huhesabiwa kando. Idadi ikipita ile iliyozoeleka, msimu umeanza. Penye majira ya baridi kali, wimbi huja na baridi. Kwenye tropiki virusi huweza kuzunguka mwaka mzima, mara nyingi vikizidi wakati wa mvua. Kwa hiyo kalenda ya mji mmoja haiufai mji mwingine.

Na wasiofika kituoni?
Mwaka 1847, influenza ilipoikumba London, mtakwimu William Farr alihesabu vifo vilivyozidi kawaida. Njia hiyo inatumika hadi leo. Maana yake ni kwamba asiyefika kwetu anaweza kuhesabiwa bado, ila kwenye daftari ambalo hatupendi kulifungua.

Mimi ni mgonjwa mmoja tu. Takwimu zenu zinanihusu nini?
Fomu yetu ina nafasi ya tarehe ya kuanza kuumwa. Nimechoka kuandika humo kwamba mgonjwa yuko siku ya sita, ya saba. Sababu ni ileile: "Nilidhani ni mafua tu." Dawa ya virusi, oseltamiviri, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Siku ya sita saa hizo zimekwisha zamani. Hata sampuli huenda isionyeshe kitu, kwa sababu virusi vimeshapungua, na mji mzima unachelewa kujua pamoja na wewe.

Lakini nilikuwa natumia antibayotiki.
Antibayotiki haziui virusi. Haziui hata ukimeza mbili kwa mpigo, hata kama zilimponya jirani. Zinakupa matumaini ya uongo huku siku zinakwenda.

Basi nisubiri siku ngapi?
Kama wewe ni mjamzito, una miaka 65 au zaidi, una pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au VVU, usisubiri: njoo siku ya kwanza au ya pili. Mtoto wa chini ya miaka 5 ni hivyohivyo. Mtu mzima mwenye afya njema kwa kawaida hupona kwa mapumziko, maji mengi na dawa ya kushusha homa. Huyo abaki nyumbani, asiende kuwakoholea wenzake.

Ila yeyote anayehema kwa shida, anayeumwa kifua, aliyechanganyikiwa, mwenye midomo ya rangi ya bluu, au mtoto anayekataa kunyonya au kunywa, aletwe sasa hivi. Hata kama ni usiku.

Homa ilishuka, kisha ikarudi na kikohozi kikazidi. Nimalizie dawa zilizobaki?
Hapana! Hiyo inaweza kuwa nimonia ya bakteria iliyopanda juu ya influenza. Njoo siku hiyohiyo. Hapo antibayotiki huenda zikahitajika kweli, lakini zichaguliwe na aliyekusikiliza kifua.

Na chanjo?
Virusi hubadilika, hivyo mchanganyiko wa chanjo hupangwa upya mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kwa kutazama sampuli kama hizi zetu. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Ichome kabla ofisi nzima haijaanza kukohoa.

Nikija nije na nini?
Tarehe uliyoanza kuumwa, na pakiti za kila dawa uliyokwisha kumeza. Usizifiche, hatugombi. Mlangoni sema una kikohozi upewe barakoa, kabla hujaketi kwenye benchi la wajawazito.