"Msifadhaike" ilisemwa kabla ya msalaba

Kila mwaka, Pasaka ikiingia juma la 4, tafakari zinaanza kumiminika zikiwa na sentensi ileile: "Leo Yesu Mfufuka anawaambia wanafunzi wake, Msifadhaike mioyoni mwenu." Mwaka huu nimeikuta tena, na mara hii siwezi kuipita kimya. Yesu hakuyasema maneno hayo akiwa amefufuka. Aliyasema mezani, usiku uleule aliokamatwa.

Najua kosa linaanzia wapi. Mshumaa wa Pasaka unawaka, mavazi ni meupe, aleluya zimerudi, na Injili inafunguliwa kwa "Wakati ule Yesu aliwaambia wanafunzi wake" bila kutaja ni wakati gani. Msomaji anajaza mwenyewe: tuko Pasaka, basi anayesema ni Mfufuka. Sasa hesabu Injili zenyewe. Kipindi cha Pasaka kina siku 50: Dominika 8, Pentekoste ikiwemo, na siku 42 za katikati ya juma. Katika hizo 42, Injili zinazosimulia mambo ya baada ya Ufufuko ni 8 tu, yaani 6 za Oktava (juma la kwanza la Pasaka), kisha Ijumaa na Jumamosi za juma la 7. Nyingine zote 34 ni za kabla ya msalaba. Nikodemo, aliyemwendea Yesu usiku, yuko juma la 2. Sura ya mikate, Yohane 6, inaanza Ijumaa ya juma hilohilo na kulichukua juma la 3 lote. Juma la 4 linafunguka na Mchungaji Mwema. Halafu, kuanzia Alhamisi ya juma la 4 mpaka Alhamisi ya juma la 7, hatutoki kwenye Karamu ya Mwisho: siku 19 katika Yohane 13 hadi 17, au 18 pale Kupaa Bwana kunapoadhimishwa Alhamisi. Hata sikukuu ya Filipo na Yakobo, 3 Mei, na ya Mathia, 14 Mei, Injili zake zinatoka kwenye meza hiyohiyo.

Ukitaka uthibitisho wa haraka, msikilize Tomaso Ijumaa ya juma la 4: "Bwana, sisi hatujui uendako, nasi twaijuaje njia?" Ukiliweka swali hilo baada ya Ufufuko, unamfanya Tomaso aliyekwisha kusema "Bwana wangu na Mungu wangu" arudi kuuliza kama mtu ambaye hajaona kitu.

Wapo wanaosema, hasara iko wapi, maneno si ni yaleyale? Hasara ni kubwa, na hapa naomba tukae kidogo.

Injili ya Ijumaa hiyo ni Yohane 14:1-6. Fungua Biblia, siyo Kitabu cha Masomo chenye vipande vilivyopangwa kwa kila Misa, uangalie mstari ulio juu yake tu, 13:38. Petro ametoka kusema kwamba atautoa uhai wake kwa ajili ya Bwana, na Yesu anamjibu kwamba jogoo hatawika kabla hajamkana mara tatu. Mstari unaofuata: "Msifadhaike mioyoni mwenu." Kati yake hakuna aliyenyanyuka wala neno la msimulizi. Kilichopo ni namba ya sura tu, na namba za sura ziliwekwa katika Enzi za Kati, Yohane hakuziandika. Sikiliza Kiswahili chenyewe kinavyogeuka: "nakuambia" ni kwa mmoja, kwa Petro; "msifadhaike" ni kwa wote. Petro hakutolewa kwenye hao wote. Ameambiwa atamkana Bwana, na kabla hajapata nafasi ya kujitetea, yeye na wenzake wanaambiwa moyo usifadhaike. Faraja inamfikia kabla ya dhambi yenyewe.

Lipo na jingine. Kitenzi hicho Yohane amekwisha kukitumia kwa Yesu mwenyewe. Katika 12:27, "Sasa roho yangu imefadhaika." Katika 13:21, akiwa mezani, anafadhaika rohoni, kisha anataja kwamba mmoja wao atamsaliti. Kwa hiyo anayesema "msifadhaike" ni mtu aliyefadhaika usiku huohuo. Hasemi kama mshindi aliyeketi ng'ambo ya hatari akiwatuliza walio ng'ambo hii. Injili hii husomwa mara nyingi kwenye Misa za mazishi, na aliyefiwa anastahili kujua anaambiwa maneno hayo na nani, katika saa gani. Tafakari inayomfanya msemaji kuwa Mfufuka aliyekwisha kuvuka kila kitu inamnyang'anya huyo mfiwa kitu alichokuwa amekihitaji hasa.

Basi kwa nini Kanisa linayasoma baada ya Pasaka? Kwa sababu ni wosia. Wosia hutamkwa mtu akiwa hai na kufunguliwa akiwa ameondoka. Yohane anaueleza utaratibu huo waziwazi: katika 2:22 wanafunzi wanakumbuka alichosema Yesu baada ya kufufuka kwake, na katika 14:26, Jumatatu ya juma la 5, Roho Mtakatifu anaahidiwa kuwa atawakumbusha yote. Majuma haya ndiyo huko kukumbushwa. Anayeandika tafakari inambidi ashike saa mbili kwa pamoja, saa ya kutamka na saa ya kufungua. Mwenye kuiacha ya kwanza anabaki na maneno matamu yasiyo na usiku ndani yake, na Yohane alihakikisha usiku umo: Yuda alipotoka na lile tonge, "nao ulikuwa ni usiku."

Lakini sitaficha kwamba Yohane mwenyewe anatutatiza. Jumanne ya juma la 7 Yesu anasali, "Wala mimi simo tena ulimwenguni", huku bado yumo. Jumatatu yake amesema, "mimi nimeushinda ulimwengu", na askari hawajafika. Mwinjili anaandika usiku ule akiwa amesimama upande wa pili wa kaburi, na sauti mbili zinaingiliana. Kwa hiyo anayesikia Mfufuka ndani ya maneno haya hajasikia uongo. Anakosea anapoandika "baada ya kufufuka Yesu aliwaambia", kwa sababu hapo ametaja saa, na saa aliyoitaja siyo.

Kuna mahali pagumu zaidi. Jumanne ya juma la 5 Injili ni 14:27-31a. Ile herufi "a" usiipuuze. Inaonyesha kwamba mstari umekatwa. Kilichokatwa ni "Ondokeni, twendeni zetu." Na baada ya kusema waondoke, anaendelea kusema sura tatu nzima, kutoka kwenyewe kunakuja 18:1, wanapovuka kijito Kedroni. Wengine husema mafundisho ya mzabibu wa kweli, yanayofuata katika sura ya 15, yalitolewa njiani. Wengine husema Yohane aliunganisha mafundisho yaliyokuwa yamehifadhiwa mbalimbali na kuacha mshono uonekane. Mimi naegemea huo mshono, hasa kwa sababu ya 16:5, ambapo Yesu anasema hakuna amwulizaye anakwenda wapi, ilhali Petro aliuliza neno kwa neno katika 13:36. Ila siwezi kumbana mtu kwa hilo. Vilevile "bado kitambo kidogo" ya Alhamisi ya juma la 6: ni siku tatu za kaburi, au ni muda wa tangu Kupaa hadi kurudi kwake? Mfano wa mwanamke anayejifungua unaofuata unanivuta kwenye kaburi. Mahali Injili hiyo inaposomwa, karibu na Kupaa, panavuta upande wa pili. Sema maana zote mbili, usijifanye una moja.

Unapoandaa, basi, anza na sura na mistari kabla ya kusoma maneno. Soma mistari mitano ya juu na mitano ya chini ya kilichopangwa. Juu ya karatasi andika mambo manne: wapi, lini, nani yumo, nani ametoka. Kuanzia 13:30 waliobaki ni 11, na yule Yuda anayeuliza swali katika 14:22 siye Iskariote. Nimeona tafakari zinazomsuta msaliti kwa swali la mtu mwingine kabisa. Kilichorukwa kitafute Juma Kuu: 13:21-38, karibu yote, ni Injili ya Jumanne Kuu, ndiyo maana huikuti hapa. Somo la kwanza, Matendo ya Mitume, linakwenda kwa mfululizo wake lenyewe, na siku za katikati ya juma halikuchaguliwa lifanane na Injili. Yakikutana, shukuru, yasipokutana, usiyafunge kamba.

Na ukifika Ijumaa ya juma la 7, utaona Injili inaanza na "Basi walipokwisha kula." Mlo huo ulisomwa Ijumaa ya Oktava, majuma 6 nyuma: samaki, mkate na moto wa makaa ufukweni. Tukio moja limekatwa vipande viwili, na kati yake ndimo wosia wote ulimowekwa. Weka kurasa hizo mbili pamoja, na 18:18 pembeni, ambapo Petro anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu na kumkana Bwana. Kisha ndipo uandike kuhusu "wewe wanipenda?", ukijua kwamba anayeulizwa mara tatu ni yuleyule aliyeambiwa asifadhaike mstari mmoja tu baada ya kutajiwa jogoo.