Je, wajua kwa nini klova, mmea mdogo wa malisho, huitwa "majani matatu" ilhali jani lake ni moja?

Chuma jani la kunde au la maharage, ulitoe pamoja na kikonyo chake mpaka kwenye shina. Utaona vipande vitatu: viwili vinatazamana, cha tatu kiko nchani. Wengi wetu tungesema tumechuma majani matatu. Mtaalamu wa mimea atakuambia umechuma moja.

Ushahidi wake ni mdogo lakini unaonekana kwa macho. Kwenye jani halisi, pale kikonyo kinaposhikana na shina, hukaa kichipukizi ambacho baadaye huweza kuwa tawi au ua. Sasa kagua chini ya kila kimoja cha vile vipande vitatu. Hakuna kitu. Kichipukizi ni kimoja tu, kule chini kwenye shina. Mharage mchanga una kioja kingine: majani yake mawili ya kwanza, ukiacha yale manene yaliyotoka ndani ya mbegu, ni mazima kabisa. Ya vipande vitatu huja baada ya hapo.

Klova ni ya jamii hiyohiyo ya mikunde. Warumi waliiita trifolium, yaani tri, tatu, na folium, jani. Walihesabu walichokiona, na kwa kweli huwezi kuwalaumu. Mwaka 1753 Carl Linnaeus, Mswidi aliyepanga majina ya kisayansi ya mimea, akalifanya neno hilo kuwa jina la jenasi nzima, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ambayo leo ina spishi zaidi ya 200. Mojawapo, Trifolium semipilosum, inaota kwenye nyanda za juu za Kenya na Ethiopia, na ni malisho mazuri ya ng'ombe. Nyingine, Trifolium lupinaster ya Siberia, ina vipande vitano au zaidi kwa kila jani, ila jina la tatu imebaki nalo. Na ile klova ya vipande vinne ambayo Wazungu huitafuta kwa ajili ya bahati? Nayo ni jani moja.

Wafaransa huiita klova trèfle, na jina hilo wameipa pia alama nyeusi ya karata yenye vipande vitatu na kikonyo, iliyoanza kuchorwa kwao karne ya 15. Sisi alama hiyo tunaiita pau. Neno hilo ni la Wareno, paus, maana karata zao za kale zilikuwa na picha za marungu. Baadaye Wareno walipokea michoro ya Kifaransa bila kuacha majina yao ya zamani, na majina hayo ndiyo yaliyofika pwani yetu. Kwa hiyo anayetupa pau kule Unguja anatupa picha ya klova huku akitaja rungu. Kopa, uru na shupaza nazo asili yake ni kwa Wareno haohao.