Sauti inavyopima vinyweleo vya mwamba

Mazungumzo ya mafuta chini ya Ziwa Tanganyika hayaishi hapa Kigoma, na swali ni lilelile: yapo au hayapo? Kabla ya hilo kuna lingine: je, mwamba wenyewe una nafasi ya kuyabeba? Mafuta, kama maji ya kisima, hukaa kwenye vinyweleo, yaani vinafasi vilivyo kati ya chembe za jiwe. Sauti husaidia kuvipima.

Chombo chembamba huteremshwa kwa waya kwenye kisima kilichochorongwa ardhini. Kinatoa mlio, nao hupita kwenye ukuta wa kisima hadi vipokezi viwili vilivyoachana kidogo. Kinachoandikwa ni tofauti ya muda wa mlio kufika kwenye vipokezi hivyo, hivyo muda uliotumika kupita kwenye tope la kuchorongea lililojaa kisimani unajifuta. Kipimo chake ni mikrosekunde kwa futi. Jiwe la mchanga lisilo na vinyweleo husoma takriban 55.5, la chokaa 47.5, na maji 189.

Mwaka 1956 watafiti Wyllie, Gregory na Gardner walitoa kanuni inayotumika hadi leo. Mtu akitoka Ujiji kwenda Kibirizi kwa baiskeli, muda wake wote ni ule wa kwenye lami ukijumlishwa na ule wa kwenye mchanga. Ukijua mwendo wake katika kila njia, utajua mchanga ulikuwa sehemu gani ya safari. Ndivyo walivyohesabu jiwe na maji. Tuseme chombo kimesoma 85 kwenye jiwe la mchanga. Toa 55.5, unabaki na 29.5. Gawanya kwa 133.5, yaani 189 kutoa 55.5: vinyweleo ni asilimia 22.

Ila ukidhani jiwe hilohilo ni la chokaa, utapata asilimia 26 na ushei. Kwa hiyo mtu asikupe asilimia bila kukwambia alichukulia ni jiwe gani.

Mashapo machanga ambayo hayajashindiliwa vizuri huchelewesha sauti kupita kiasi, na kanuni hutoa vinyweleo vingi kuliko vilivyopo, lazima isahihishwe. Kwenye chokaa yenye matundu makubwa hali hugeuka: sauti huzunguka tundu kupitia jiwe gumu, na tundu halihesabiwi. Ndiyo maana wataalamu hulinganisha kipimo cha sauti na vingine visivyotumia sauti: vya msongamano wa mwamba na vya nyutroni.